SSH, Ansible, Salt au Puppet: kuchagua chombo cha kusanidi seva za visiwani kutoka Amu

Boti ya abiria inayotoka Amu (Lamu) kwenda Faza, kisiwani Pate, haifuati saa ya ukutani bali hufuata maji, kwa sababu mkondo wa Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki vizuri maji yakipwa. Mtu anayetunza seva za visiwani hulijua jambo hili kwa gharama yake. Akikosea mstari mmoja katika fayawoli (kichujio cha mawasiliano) ya kompyuta iliyoko Faza na kujifungia nje, kosa lililomchukua sekunde mbili kulitenda humchukua siku nzima kulirekebisha, pamoja na nauli na kusubiri maji. Ndiyo maana uchaguzi wa chombo cha kusanidi seva kwa mbali, ambao kwingineko huzungumzwa kama jambo la mazoea au la kupenda, kwetu huku ni suala la usafiri.

Ulinganisho huu unatokana na kazi ninayoifanya. Ninatunza seva 11 za Linux, zote zikiwa za Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux: nne katika nyumba za wageni za Amu na Shela, moja katika shule ya Matondoni, moja katika zahanati ya Faza, tatu katika maduka ya Malindi, na mbili za kupangisha zilizoko Frankfurt. Zote huzisimamia kwa mstari wa amri, nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta moja ya mkononi. Katika miaka hii nimetumia SSH tupu, yaani njia salama ya kuingia kwenye seva kwa mbali, kisha vyombo vinavyosanidi seva nyingi kwa maelekezo yaliyoandikwa mara moja: Ansible kwanza, nikaijaribu Salt kwa miezi kadhaa, na Puppet nimeitumia kwa mwajiri mmoja wa zamani aliyekuwa na mashine nyingi kuliko zangu. Chef nimeigusa kidogo tu, nayo nitaipitia kwa haraka.

Nani anayepiga hodi

Tofauti ya kwanza ni upande unaoanza mazungumzo. SSH na Ansible huanzia kwa mtunzaji: kompyuta yangu hupiga hodi kwenye seva, seva hufungua, nami huingia na amri zangu. Salt, Puppet na Chef huanzia upande wa pili, kwa maana kwenye kila seva hukaa programu ndogo, ambayo nitaiita wakala, na wakala huyo ndiye hutoka nje kumtafuta mkuu wake na kupokea kazi.

Katika jengo lenye waya wake na anwani yake ya umma, tofauti hiyo haina uzito. Lakini seva za Matondoni na Faza hutumia laini ya simu, na kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, hivyo kwamba hakuna mlango wa kugongwa kutoka nje hata kama ufunguo unao mkononi. Wenye nyumba za wageni waliohamia Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza kuuzwa nchini Kenya mwaka 2023, wameikuta hali ile ile katika huduma ya kawaida. Hapa wakala ana faida ya wazi. Yule wa Salt huunganika na milango (namba za kupokelea mawasiliano) 4505 na 4506 ya seva kuu, yule wa Puppet huunganika na mlango 8140, na kwenye seva ya Faza yenyewe haufunguliwi mlango wowote.

Watu wengi hulifunga suala hapa na kusema kwamba penye laini ya simu ni lazima kuwe na wakala. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu njia ya kufikia seva na chombo cha kuisanidi ni mambo mawili yanayoweza kutenganishwa. Nilichofanya ni kuweka WireGuard, programu ya kuunganisha kompyuta kwa mtandao wa siri (VPN), ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, na kuifanya mojawapo ya seva za Frankfurt kuwa makutano ambako seva zote huja kuunganika. Mstari wa `PersistentKeepalive = 25` huifanya kila seva itume pakiti ndogo kila baada ya sekunde 25, ili mitambo ya kampuni ya simu isiisahau njia hiyo. Kazi yote ilinichukua alasiri moja, na baada yake kila seva ilikuwa na anwani yake ya kudumu ndani ya mtandao wangu mwenyewe, ikifikika kwa SSH na kwa Ansible kama vile iko chumba cha pili.

Kuna mtego mmoja wa WireGuard ambao umenisumbua kuliko mengine, nao unahusu saa. Kila WireGuard inapoanza mazungumzo huweka muhuri wa wakati, na upande wa pili hukataa muhuri ulio wa nyuma kuliko ule wa mwisho uliopokewa, ili mtu asiweze kurudia mazungumzo ya zamani. Sasa chukua kompyuta ndogo ambayo betri ya saa imekufa, na umeme ukatike: inapowaka tena huamini kwamba ni mwaka fulani uliokwisha pita, na makutano huikataa kabisa. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba chrony, programu ya kurekebisha saa, inachukua saa kutoka mtandao wa kawaida, nje ya WireGuard, na kwamba mstari wa `makestep` unairuhusu kuirusha saa mbele mara moja badala ya kuisogeza polepole. Puppet nayo huumwa na ugonjwa huo huo, kwani hutumia vyeti vya utambulisho vyenye tarehe, na seva inayodhani iko mwaka 2015 hukiona cheti kilichotolewa juzi kuwa hakijaanza kutumika.

SSH tupu

SSH si mshindani kamili wa vyombo vingine, kwa kuwa Ansible yenyewe hupita humo. Tatu Ylönen aliiandika mwaka 1995 katika chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo, na OpenSSH, ambayo ndiyo wengi wetu tunaitumia leo, ilitolewa na watu wa OpenBSD mwaka 1999. Kwa mwenye seva mbili au tatu, hiyo pamoja na skripti fupi, yaani orodha ya amri, inatosha:

```
for s in amu1 amu2 faza1; do
  ssh "$s" 'sudo apt-get update && sudo apt-get -y upgrade'
done
```

Ubora wake ni kwamba hakuna kipya cha kujifunza, na kila unachokiandika ndicho kinachofanyika. Udhaifu wake huonekana laini inapokatika katikati ya kazi. Amri iliyoanzishwa kwa njia hii huning'inia kwenye mazungumzo yako, na yakifa yanaweza kuiua pia, ukaja kuikuta mashine imeachwa na vifurushi nusu vimewekwa na nusu havijawekwa, hali inayotaka `sudo dpkg --configure -a` kabla ya jambo lolote lingine. Kinga yake ni kuiendesha kazi ndefu ndani ya `tmux`, ambayo hubaki hai kwenye seva hata ukipotea wewe. Kwa kazi ya kuandika kwa mkono ninaongeza Mosh, iliyotoka MIT mwaka 2012, ambayo hutumia UDP (namna ya kutuma pakiti isiyohitaji muunganiko wa kudumu) na haijali anwani yako ikibadilika. Mtu anaweza kuanza kazi kwenye Wi-Fi ya hoteli ya Shela na kuimalizia kwa simu akiwa ndani ya mashua. Mosh, hata hivyo, ni ya mtu anayetazama skrini, na haifai kuendeshea skripti.

Kujifungia nje ndilo jambo la pili. Nilipoanza kuitunza seva ya Faza nilibadilisha mpangilio wa kanuni za fayawoli siku ya Ijumaa asubuhi, nikaiweka kanuni ya kukataa juu ya kanuni ya kuruhusu, na skrini ikatulia kimya. Muuguzi wa zamu alinipigia simu saa hiyo hiyo.

"Kaka, ile mashine imegoma, nami nina wagonjwa kibarazani."

"Niwie radhi, dada. Kosa ni langu. Andikeni kwenye daftari leo, maji yakijaa ninakuja."

Tangu siku hiyo sibadilishi fayawoli kabla ya kuiachia seva amri ya kujirudisha yenyewe:

```
echo 'nft -f /root/zamani.nft' | sudo at now + 10 minutes
```

Faili la `zamani.nft` ni nakala ya kanuni zilizokuwa zikifanya kazi, na mstari wake wa kwanza lazima uwe `flush ruleset`, kwani bila huo kanuni za zamani huongezwa juu ya zile mbovu badala ya kuziondoa. Nikifaulu kuingia upya ninaifuta amri hiyo kwa `atrm`. Nisipofaulu, nasubiri dakika kumi badala ya kusubiri bamvua. Wanaotumia Ubuntu wana `netplan try`, inayorudisha usanidi wa mtandao usipouthibitisha ndani ya sekunde 120, na ruta za MikroTik zina hali ya usalama inayofuta mabadiliko iwapo mazungumzo yatakatika. Kabla ya kugusa SSH yenyewe huwa ninaendesha `sudo sshd -t`, ambayo hulisoma faili na kueleza makosa yake bila kuanzisha lolote. Ninayasema haya chini ya SSH, lakini yanamhusu kila mtu. Ansible ikitumwa kuweka kanuni mbovu itaiweka kwa uaminifu mkubwa, tena kwenye seva 11 kwa mpigo.

Kilichoniondoa kwenye SSH tupu, hata hivyo, hakikuwa kukatika kwa laini bali kusahau. Baada ya miaka miwili sikuweza kusema kwa uhakika ni kwa nini seva ya pili ya Malindi ilikuwa na mstari ambao ya kwanza haikuwa nao, wala kama mstari huo niliuweka mimi au uliwekwa na aliyenitangulia.

Ansible

Ansible ilitolewa mwaka 2012 na Michael DeHaan, na Red Hat ikainunua mwaka 2015. Haiachi wakala kwenye seva. Inachohitaji huko ni SSH na lugha ya programu ya Python, na Python karibu kila Debian tayari inayo. Kompyuta ya kuamrishia lazima iwe ya Linux, ya Mac au ya mfano huo, na mwenye Windows hulazimika kupitia WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Maelekezo huandikwa kwa YAML, mtindo wa kuandika usanidi kwa maandishi ya kawaida, nayo hueleza hali inayotakiwa badala ya hatua za kuifikia:

```
- hosts: visiwani
  become: true
  tasks:
    - name: Weka usanidi wa saa
      ansible.builtin.template:
        src: chrony.conf.j2
        dest: /etc/chrony/chrony.conf
      notify: Anzisha upya chrony
  handlers:
    - name: Anzisha upya chrony
      ansible.builtin.service:
        name: chrony
        state: restarted
```

Nguvu ya uandishi huu ni kwamba maelekezo yanaweza kurudiwa mara kumi na matokeo yakawa yale yale. Faili likiwa sawa, Ansible haligusi. Likiwa tofauti, hulibadilisha na kusema kwamba limebadilika. Kwa mtu ambaye laini yake hukatika hii ni neema, kwa sababu jibu la kazi iliyokatika njiani huwa ni kuiendesha tena. Na kabla ya kuiendesha kwa kweli, ninaweza kutazama kitakachobadilika, mstari kwa mstari, kwenye seva moja tu:

```
ansible-playbook visiwani.yml --check --diff --limit faza1
```

Utazamaji huo hauaminiki kwa asilimia mia. Hatua zilizoandikwa kama amri ghafi za `shell` au `command` hurukwa wakati wa `--check`, na hatua zinazotegemea matokeo yake huweza kulalamika bila sababu. Kadiri maelekezo yako yanavyojaa amri ghafi, ndivyo unavyorudi kwenye skripti ya SSH iliyovaa kanzu ya YAML.

Hata hiyo neema ya kurudia ina tundu, nami sikulijua mpaka liliponiponyoka. Tazama mfano wa hapo juu: kuanzisha upya chrony hufanyika mwishoni, na hufanyika tu iwapo faili limebadilika katika mzunguko huo. Chukulia kwamba faili limeandikwa, kisha laini ikakatika kabla ya mwisho kufika. Ansible huitangaza seva hiyo kuwa haifikiki na kuiacha. Unapoendesha tena, faili linaonekana liko sawa, hakuna kilichobadilika, na kwa hiyo hakuna kinachoanzishwa upya. Ripoti ni ya kijani tupu, ilhali huduma bado inatumia usanidi wa zamani ulioko kwenye kumbukumbu yake. Kwa mtu aliye kwenye waya mzuri hili hutokea mara chache. Kwangu lilitokea mara tatu kabla sijalitambua. Sasa ninaweka `meta: flush_handlers` mara baada ya kila badiliko lenye uzito, ili muda kati ya kuandika faili na kuanzisha huduma uwe mfupi iwezekanavyo, na kwa huduma muhimu naongeza hatua inayolinganisha muda ambao faili lilibadilika na muda ambao huduma ilianza.

Mwendo wake ni wa taratibu, na kwenye laini ndefu taratibu hiyo huonekana. Kwa desturi, kila hatua huipeleka programu ndogo kwenye seva, huiendesha na kuifuta, na kila tendo kati ya hayo ni safari ya kwenda na kurudi. Kuweka `pipelining = True` katika `ansible.cfg` hupunguza safari hizo kwa kiasi kikubwa, na ni jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeanza. Jambo la pili ni kutozichanganya seva za Faza na za Frankfurt katika mzunguko mmoja. Ansible hushughulikia seva tano kwa wakati mmoja isipoambiwa vingine, na haiendi kwenye hatua inayofuata mpaka seva zote ziwe zimemaliza iliyotangulia, hivyo seva moja yenye laini dhaifu huzisimamisha zilizobaki kama msafara wa punda kwenye kichochoro. Ama utenganishe makundi, ama uandike `strategy: free` ili kila seva iende kwa mwendo wake.

Salt

Salt ilianzishwa na Thomas Hatch mwaka 2011, ikaingia mikononi mwa VMware mwaka 2020, na VMware nayo ikanunuliwa na Broadcom mwaka 2023. Kwa kasi, haina mpinzani katika orodha hii. Mawakala wote huwa wameshaunganika na wanasikiliza, kwa hiyo `salt '*' test.ping` hujibiwa na mashine mia karibu kwa pamoja, na `salt '*' state.apply test=True` huonyesha mabadiliko bila kuyatenda, kama ilivyo `--check` ya Ansible. Usanidi wake nao ni wa YAML, hivyo anayetoka Ansible hapotei.

Kasi hiyo ndiyo pia inayoficha kasoro iliyonifanya niiache. Amri ya Salt hutangazwa kwa wanaosikiliza wakati huo, na wakala ambaye laini yake ilikuwa imekatika hahifadhiwi barua yake. Akirudi hewani, amri imekwisha mpita. Inawezekana kumpangia wakala ratiba ya kujisanidi mwenyewe kila baada ya muda, au kila anapoanza, lakini ukifika hapo umeshaijenga upya tabia ya Puppet, tena kwa mkono. Kwa mwenye seva mia tatu katika jengo moja kasoro hiyo ni ndogo. Kwangu mimi, ambaye saa yoyote mbili kati ya 11 zinaweza kuwa gizani, ilikuwa ni kasoro ya kila siku.

Lipo pia suala la mkuu mwenyewe. Mwaka 2020 uligunduliwa udhaifu uliomwezesha mtu asiye na idhini yoyote kuiamuru seva kuu ya Salt iliyo wazi kwenye intaneti, na kupitia kwake kuziamuru seva zote zilizo chini yake. Ulizibwa, lakini baadhi ya seva zilizochelewa kusasishwa zilivamiwa. Anayeichagua Salt aifiche seva kuu nyuma ya WireGuard. Na akishafanya hivyo, faida ya kutohitaji njia maalumu itakuwa imemtoka.

Puppet, na wengine kwa ufupi

Puppet ni mkongwe kuliko Ansible na Salt. Luke Kanies aliianzisha mwaka 2005. Wakala wake huamka kila baada ya dakika 30, huchukua orodha ya mambo yanayotakiwa kutoka kwa seva kuu, kisha huyatekeleza akiwa peke yake. Hapa pana jambo ninalolionea wivu: orodha ikishafika, laini inaweza kukatika na sehemu kubwa ya kazi ikaendelea, na seva kuu isipopatikana wakala hutumia orodha ya mwisho aliyoihifadhi. Mtu akilibadilisha faili kwa mkono, ndani ya nusu saa linarudi lilivyokuwa. Katika ofisi ambamo mikono mingi hugusa mashine, tabia hiyo huokoa ugomvi mwingi.

Gharama yake ni uzito. Seva kuu huendeshwa juu ya Java na huomba gigabaiti 2 za kumbukumbu kabla haijafanya kazi yoyote, lugha yake ni ya kwake peke yake, na usimamizi wa vyeti ni kazi inayojitegemea. Tena hali ya umiliki imebadilika: Perforce iliinunua mwaka 2022, na baada ya kutangaza mwishoni mwa 2024 kwamba vifurushi vilivyojengwa tayari havitatolewa tena kwa uwazi kama zamani, jumuiya ya watumiaji ilianzisha tawi lake liitwalo OpenVox. Anayeanza leo na fedha kidogo aangalie tawi hilo kwanza.

Chef, ambayo huamrishwa kwa `knife`, hufanana na Puppet kwa mpangilio, lakini maelekezo yake huandikwa kwa Ruby, na kwa mtu asiyeandika Ruby sioni sababu ya kuanza nayo sasa. CFEngine ya Mark Burgess, iliyozaliwa Oslo mwaka 1993, ndiye babu wa wote. Ni nyepesi mno kwa kuwa imeandikwa kwa C, lakini hapa pwani sijakutana na mtu wa kumuuliza pale inaponishinda.

Bando

Wateja huniuliza ni chombo kipi kinachokula bando kidogo, na jibu langu huwavunja moyo: tofauti kati ya vyombo ni ndogo kuliko sasisho moja la kiini cha Linux. Kinachokula bando ni `apt`, programu ya Debian ya kupakua na kuweka vifurushi. Kwa hiyo nimeweka `apt-cacher-ng` kwenye seva moja ya Amu, ambayo hupakua kila kifurushi mara moja tu na kuzigawia nyingine tatu zilizo jirani. Seva ya Faza husasishwa usiku, usalama kwanza na mengine baadaye.

Atakayepokea kazi

Siku moja mtu mwingine atazitunza seva hizi, na huenda akawa kijana wa Malindi aliyesoma kompyuta kwa miaka miwili na hajawahi kuiona seva kuu ya Puppet. Nimewapa vijana wawili wa namna hiyo maelekezo yangu ya Ansible wayasome bila msaada. Wote wawili waliweza kunieleza ni nini kinachofanyika, ingawa mmoja alitumia saa nzima kutafuta nafasi moja ya ziada iliyokuwa mwanzoni mwa mstari wa YAML. Skripti zangu za zamani za SSH waliziogopa, nami siwalaumu. Siri, kama vile nywila za hifadhidata ya zahanati, zimo ndani ya mafaili hayo hayo, yakiwa yamefungwa kwa `ansible-vault`. Taarifa za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na nywila iliyoandikwa wazi ndani ya hifadhi ya Git, programu ya kutunza historia ya mafaili, haina utetezi.

Nilivyochagua

Mwenye seva moja hadi tatu, anayezigusa peke yake, abaki na SSH, `tmux`, na `etckeeper` ya kumwekea historia ya `/etc` ndani ya Git. Kuanzia nne hadi kadhaa ya makumi ningechagua Ansible juu ya WireGuard bila kusita sana. Puppet au OpenVox ni ya pale ambapo watu wengi wana ruhusa ya kuingia na hakuna anayeaminika kuacha mambo yalivyo. Salt ningempa mwenye mamia ya mashine zenye mtandao imara, anayehitaji jibu sasa hivi.

Matondoni na Faza ndizo zilizobaki nje ya kanuni yangu, kwa kuwa hata Ansible iliyopangwa vizuri hutaka laini idumu tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Huko ninatumia `ansible-pull`. Ansible na Git zimewekwa kwenye seva yenyewe, na kila nusu saa seva hiyo huchukua maelekezo kutoka hifadhi ya Git na kujisanidi bila kunihitaji. Nimepata hivyo tabia ile ya Puppet niliyoionea wivu, bila Java na bila vyeti vyake. Nilianza na chaguo la `-o`, linaloifanya iendeshwe pale tu maelekezo yanapobadilika, nikaliondoa baada ya kugundua kwamba mzunguko ukishindwa njiani haurudiwi mpaka nibadilishe kitu kingine katika hifadhi. Nilichopoteza ni ripoti ya pamoja. Siioni seva iliyoshindwa mpaka nikaitazame, kwa hiyo kila seva huandika muda wa mzunguko wake wa mwisho uliofaulu, nami huupitia kila asubuhi.

Hatari ya mpango huu ni kwamba kosa nikiliingiza kwenye hifadhi, seva hulifuata zenyewe hata nikiwa nimelala. Kwa hiyo seva za visiwani hufuata tawi lake la Git, yaani nakala ya maelekezo iliyotengwa, na badiliko haliingii humo kabla halijakaa siku moja kwenye seva ya Amu, ambayo naifikia kwa miguu. Mara ya mwisho kuvuka Mkanda kwa ajili ya seva ya Faza nilikwenda kubadilisha diski iliyokufa.